Sura ya Saba: Ugoko wa Mtoto Anayecheza

Mtazame mtoto wa miaka minne miguuni wakati wa kuoga jioni. Kwenye ugoko wa kulia kuna doa jeusi lenye ukingo wa manjano. Chini yake kidogo kuna jingine ambalo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka lilitoka wapi. Goti moja lina kigaga, la pili lina kovu laini la kigaga kilichobanduka wiki iliyopita. Kiwiko kimekwaruzika. Ukimuuliza kulikoni, atajibu "nilianguka", na kama harufu ya chapati imeshamfikia, hatajibu hata hilo.

Miguu kama hiyo ni ya mtoto mzima. Hata hivyo, kliniki za watoto huwapokea kila siku akina mama na mabibi wanaouliza swali lile lile: "Dokta, mbona huyu ana alama kila mahali? Damu yake iko sawa kweli?" Wana haki ya kuuliza. Miongoni mwa watoto wengi wenye alama za mchezo wamo wachache ambao alama zao zimetokana na ugonjwa wa damu, na wachache wengine ambao zimetokana na mkono wa mtu mzima. Sura hii itakusaidia kuwatofautisha.

Wengi wetu tukiona alama tunaangalia rangi yake na ukubwa wake. Vyote viwili vinaweza kupotosha. Daktari wa watoto mwenye uzoefu huanzia kwingine. Alama iko wapi? Mtoto amefikia hatua gani: bado analala tu, anatambaa, au anatembea? Na maelezo yanayotolewa yanaafikiana na alama yenyewe? Mahali, hatua, maelezo: hayo ndiyo ya kwanza.

Maanguko kumi na saba kwa saa

Mwaka 2012 Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha utafiti uliohesabu jambo ambalo kila mlezi hulijua kwa macho. Waliwarekodi watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao, kisha wakahesabu hatua na maanguko. Kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja, na katika saa hiyo hiyo akaanguka mara 17. Mwache mtoto wa namna hiyo uani kwa saa tatu, naye ataanguka mara hamsini hivi kabla ya uji wa saa nne. Mengi ya maanguko hayo hayaachi alama yoyote, kwa sababu mtoto ni mfupi, ni mwepesi, na ardhi haiko mbali naye. Machache huacha.

Hayo machache huacha alama wapi? Jibu zuri lilitoka Seattle, Marekani, mwaka 1999. Daktari Naomi Sugar na wenzake waliwakagua ngozi watoto 973 wa chini ya miaka mitatu waliokuja kliniki kwa ukaguzi wa kawaida. Kati ya watoto 366 wa chini ya miezi sita, wawili tu ndio waliokutwa na alama ya damu iliyovilia. Miongoni mwa waliokuwa wakisimama na kutembea kwa kushikilia vitu, karibu 18 katika kila 100 walikuwa nayo. Waliokwisha kutembea wenyewe, zaidi ya nusu walikuwa nayo. Alama zilianza pale miguu ilipoanza.

Mahali nako kulikuwa na utaratibu wake. Alama nyingi zilikuwa mbele ya ugoko na magotini, nyingine kwenye paji la uso. Kwenye makalio na viganjani hazikuonekana kabisa. Hili linastaajabisha kidogo, maana mtoto anayejifunza kutembea huketi chini kwa kishindo mara nyingi mno kwa siku. Sababu iko katika umbile la mwili. Makalio yana mafuta na misuli ya kupokea kishindo. Kwenye ugoko hakuna kitu kati ya ngozi na mfupa. Papasa wako sasa hivi utaona. Mishipa midogo ya damu iliyopo hapo hubanwa kati ya jiwe la nje na mfupa wa ndani, ikapasuka. Ndivyo ilivyo pia kwenye paji la uso, gotini na kwenye kiwiko. Kwa hiyo alama za mchezo hukaa upande wa mbele wa mwili, mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi.

Damu inapovilia

Alama yenyewe ni damu iliyotoka nje ya mishipa huku ngozi ikiwa haijapasuka. Haina pa kwenda, hivyo hutuama kwenye nyama. Mwanzoni huonekana nyekundu au ya zambarau. Baada ya hapo chembe nyeupe za damu huingia kufanya usafi: humeza chembe nyekundu zilizomwagika na kuivunjavunja himoglobini iliyomo. Katika kuvunjwa huko, himoglobini hupitia rangi ya kijani, kisha ya manjano, na madini ya chuma yanayobaki huacha ukahawia. Ile ya manjano ni bilirubini, kitu kile kile kinachowafanya vichanga wengine wawe na macho ya njano siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa kawaida kazi yote huisha kwa wiki mbili au pungufu.

Vitabu vingi huonyesha rangi hizi kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana doa jeusi zaidi ya ngozi inayolizunguka, basi. Kwa hiyo mkono hufanya kazi pamoja na jicho. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya chumbani. Papasa taratibu: palipovilia damu huwa pamevimba kidogo, ni pagumu, na mtoto atavuta mguu. Linganisha na mguu wa pili. Mlezi mwenye mazoea ya kumpaka mtoto mafuta kila siku huligundua doa kwa vidole kabla ya macho.

Usijaribu kujua siku ya jeraha kwa kuangalia rangi. Watu husema "hili la kijani ni la Jumapili, hili la leo", lakini tafiti zimeonyesha kuwa hata madaktari hukosea sana katika hesabu hiyo. Madoa mawili ya anguko moja yanaweza kuwa na rangi mbili kwa siku moja, kwa sababu moja liko juu na jingine liko ndani zaidi. Kinachoweza kusemwa ni kidogo: doa lenye umanjano kwa kawaida limeshapita saa 18.

Nundu ya kwenye paji la uso huwatisha watu kuliko alama nyingine zote. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu na chini yake kuna fuvu gumu, hivyo uvimbe huja kwa dakika chache na unaweza kufikia ukubwa wa limau. Kesho yake au keshokutwa macho yanaweza kuwa meusi kwa chini, ingawa hayakugongwa. Damu imeteremka tu kutoka kwenye paji. Ukubwa wa nundu ya mbele hausemi mengi. Kinachosema ni mtoto mwenyewe. Akilia mara moja, akanyamaza akibembelezwa, akarudi kwenye mchezo wake, mtazame kwa siku mbili zinazofuata. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia au akawa mgumu kuamka, akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akipatwa na degedege, akitokwa na maji au damu puani au masikioni, au mboni za macho zikatofautiana ukubwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, uvimbe laini wa pembeni au nyuma ya kichwa upelekwe hospitali hata kama anacheza.

Nyumba nyingi zina desturi ya kukanda kwa maji ya moto na chumvi, na kuna bibi ambaye hawezi kulala mpaka amchue mjukuu hadi alie upya. Desturi hii ina wakati wake. Mishipa inapokuwa ndiyo kwanza imepasuka, joto huipanua na damu huzidi kutoka. Kuchua kwa nguvu hupasua mingine. Siku ya kwanza na ya pili tumia baridi: kitambaa kilicholowa maji ya mtungini, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika kumi hadi kumi na tano kila mara. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Baada ya siku mbili, bibi anaweza kuleta maji yake ya uvuguvugu. Kama mtoto ana maumivu, parasetamo kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Aspirini asipewe: kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo, na pia huzuia damu kuganda.

Goti lililochunika

Mtoto kaanguka kwenye changarawe akifukuzana na wenzake. Ngozi ya juu imekwanguka, na goti limeota vitone vya damu, kimoja kimoja, vingi vilivyopangana. Kila kitone ni ncha ya mshipa mdogo uliofunguka. Ndani ya sekunde chache chembe sahani, vipande vidogo kuliko chembe zote za damu, hukimbilia pale na kushikamana, kisha nyuzi za protini huzifunga pamoja. Ndiyo maana damu ya mchubuko hukoma yenyewe kwa dakika chache. Majimaji ya rangi ya majani makavu yanayofuata si usaha. Ni utegili wa damu, nao hubeba vifaa vya ujenzi.

Kabla ya jambo lolote, osha. Maji safi yanayotiririka, ya bomba au ya kumimina kwa kopo, na sabuni kwenye ngozi ya kando. Osha kwa muda wa kutosha mpaka mchanga wote utoke. Chembe za mchanga na lami zikifungiwa ndani huacha doa la kudumu kama chale. Mtoto atalia. Mwambie unachofanya, mpe kopo amimine mwenyewe. Mtoto anayemwaga maji kwa mkono wake hulia kidogo kuliko anayeshikwa kwa nguvu.

Hapa ndipo watu hukosana. Spiriti inachoma, na wengi huamini kuwa kuchoma ndiyo dalili ya kufanya kazi. Kwa kweli spiriti na dawa kali za namna hiyo huua vijidudu pamoja na chembe changa za ngozi zinazojaribu kufunika kidonda. Majivu, udongo, unga wa kahawa, dawa ya meno, mafuta ya taa na kinyesi cha ng'ombe vina madhara zaidi: udongo na kinyesi ndimo wanamoishi vijidudu vya pepopunda, tena wakiwa katika umbo linalostahimili ukame na joto kwa miaka. Kumpaka mtoto kitu hicho kwenye kidonda ni kumpelekea ugonjwa nyumbani kwake.

Kinga ya pepopunda imo katika chanjo anayopewa mtoto Tanzania na Kenya akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa hiyo kadi ya kliniki ni sehemu ya huduma ya kwanza. Kama dozi zimekamilika, mchubuko msafi wa gotini haudai sindano kila mara. Jeraha lenye kina kirefu, lenye uchafu, la msumari wenye kutu au la kung'atwa na mnyama lipelekwe zahanati pamoja na kadi hiyo. La mnyama lioshwe kwanza kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Baada ya kuosha, je, kiachwe wazi "kipate hewa"? Wazazi wetu walituambia hivyo, na madaktari wao pia. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature majaribio aliyofanya kwenye ngozi ya nguruwe wadogo. Vidonda alivyovifunika visikauke vilipata ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili kuliko vilivyoachwa vikauke na kuota gaga. Chembe mpya za ngozi hutambaa kutoka kwenye kingo za kidonda kuelekea katikati, na hutambaa vizuri penye unyevu. Penye gaga kavu hulazimika kupita chini yake. Hivyo paka vaselini kidogo, funika kwa plasta au bandeji safi, badilisha kila siku au inapolowa. Kigaga kikishatokea, kiache. Mtoto atakibandua tu, utamkuta ameketi kibarazani akikichokoa kwa umakini usiouona anapofanya hesabu za shule; osha tena, funika tena.

Rudi zahanati kidonda kikianza kupata joto, wekundu au weusi unaotambaa, usaha, au mtoto akipata homa. Vivyo hivyo ukiona vidonda vyenye gaga la rangi ya asali vinavyoenea kutoka puani au miguuni na kuwapata watoto wengine wa nyumba. Hayo ni maambukizi ya bakteria yanayotibika kwa urahisi, ila yakipuuzwa mara nyingine huumiza figo.

Kidonda kikipona, ngozi nyeusi huacha doa jeusi zaidi kwa miezi kadhaa. Doa hilo si kovu na litafifia lenyewe. Mafuta ya kung'arisha ngozi hayana kazi hapo. Mengine yana zebaki au steroidi zinazomdhuru mtoto.

Alama zinazodai maswali

Sasa turudi kwenye yale matatu: mahali, hatua, maelezo.

Mtoto ambaye bado hajasogea mwenyewe hana namna ya kujiumiza. Kichanga wa miezi mitatu mwenye doa la damu iliyovilia anahitaji daktari siku hiyo, hata kama doa ni dogo kama punje ya mtama. Daktari wa Marekani Mary Clyde Pierce na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliorodhesha sehemu ambazo mtoto wa chini ya miaka minne haziumizi kirahisi mchezoni: kiwiliwili, masikio, shingo, pembe ya taya, sehemu laini ya shavu, kope, weupe wa jicho, na kile kiugozi cha ndani kinachounganisha mdomo na ufizi. Doa la hapo ni sababu ya kuuliza. Umbo nalo husema. Fimbo ikipiga huisukuma damu pembeni, ikaacha mistari miwili sambamba na katikati ngozi isiyo na alama. Mkanda huacha umbo la mkanda, na meno ya mtu huacha duara. Hakuna ngazi wala mwembe unaochora hivyo. Ukiwa na wasiwasi kuhusu mtoto, wako au wa jirani, Tanzania na Kenya zote zina simu ya bure ya watoto, namba 116.

Kuna alama moja ambayo imewaletea wazazi wengi lawama wasizostahili. Watoto wengi wa Kiafrika na wa Kiasia huzaliwa na madoa ya samawati au kijivu kiunoni na makalioni, mara nyingine hadi mgongoni. Yanafanana na damu iliyovilia, lakini hayaumi, hayavimbi, hayageuki rangi wiki kwa wiki, na kwa wengi hutoweka polepole kabla au baada ya kuanza shule. Mwombe muuguzi ayaandike kwenye kadi mapema. Familia zinazohamia Ulaya au Marekani zitalishukuru sana andiko hilo, kwani huko mwalimu wa chekechea anaweza kuyaona kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Upande wa damu, tazama zaidi ya ugoko. Madoa yanayozuka mwili mzima bila kuanguka, vitone vidogo vyekundu au vyeusi kama vya ncha ya kalamu, fizi zinazotoka damu zenyewe, damu ya pua isiyokoma: hizo zinadai kipimo cha damu, na kipimo hicho kipo katika hospitali nyingi za wilaya. Chembe sahani za kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila milimita ya ujazo. Kuna watoto, hasa wa miaka miwili hadi mitano, ambao wiki chache baada ya mafua kinga yao ya mwili hugeuka na kuziharibu chembe sahani. Hali hiyo huwatisha wazazi mno, na wengi wa watoto hao hupona ndani ya miezi sita. Uchovu usioisha, kupauka, kukonda na maumivu ya mifupa vikiongezeka juu ya madoa, daktari atatafuta saratani ya damu.

Homa pamoja na vitone ni dharura. Bonyeza glasi safi juu ya vitone. Kwenye ngozi nyeusi jaribu kiganjani, kwenye unyayo au ndani ya kope. Visipofifia chini ya glasi, usingoje kupambazuke: huenda ni maambukizi ya bakteria kwenye damu na utando wa ubongo. Dengi nayo, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hushusha chembe sahani na kuleta madoa. Ndiyo sababu nyingine ya kutompa mtoto mwenye homa aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa.

Na kuna himofilia, ambayo kwetu mara nyingi hujitokeza jandoni. Damu haigandi sawasawa, karibu wagonjwa wote ni wavulana, na ugonjwa hupitia kwa mama. Mtoto akitahiriwa damu haikomi. Akichomwa chanjo paja linavimba. Akianza kutambaa magoti yanajaa. Kama kuna mjomba wa upande wa mama aliyetoka damu kupita kiasi alipotahiriwa au kung'olewa jino, mwambie daktari kabla mtoto hajafikishwa kwenye wembe. Ukimya wa ukoo wako si salama pia: takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote ya ugonjwa huo katika familia.

Uwanja unaofaa kuanguka

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walijua kuwa maumivu madogo hufundisha, na ni kweli kuwa mtoto hujifunza mizani, kasi na urefu wa tawi kwa kukosea. Lakini yako mambo ambayo hayampi mtoto nafasi ya pili ya kujifunza: kisima kisicho na mfuniko, jiko la mkaa lililowekwa njiani, barabara ya bodaboda mbele ya geti, chupa iliyovunjika kwenye majani, ndoo ya maji ya moto bafuni. Nguvu ya mzazi iende huko. Atakayeondoa hayo, akahakikisha chanjo zimekamilika, na nyumbani kuna sabuni, vaselini na bandeji, ameshafanya kubwa. Asimkataze mtoto kukimbia kwa sababu ya madoa ya ugoko.